Kubanwa na Misuli Baada ya Mazoezi: Chumvi, Ndizi, Achari na Ukweli Wake

Katika mbio ndefu za Michezo ya Olimpiki iliyofanyika mjini Mexico mwezi wa Oktoba mwaka 1968, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliingia uwanjani akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu wengi hulikumbuka goti lililoumia alipoanguka njiani. Wachache hukumbuka kwamba, kwa mujibu wa masimulizi ya mbio zile, misuli ilikuwa imekwisha kumbana kabla ya kuanguka, katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari.

Jambo hilo la kubanwa na misuli, ambalo wataalamu huliita pia mkakamao wa misuli, halihitaji Olimpiki. Hutokea kila mwaka katika mashindano ya UMISSETA, hutokea jioni katika viwanja vya vumbi vya shule zetu, na hutokea usiku kitandani kwa mwanafunzi aliyecheza mpira mchana kutwa. Msuli hujikunja wenyewe bila idhini ya mwenye mguu, hukakamaa kama jiwe, huuma vibaya mno, na baada ya dakika chache huachia. Nawaomba wasomaji wazishike sana sentensi hizo mbili za mwisho, kwamba huuma vibaya mno, na kwamba huachia wenyewe, kwa maana humo ndimo zilimozaliwa karibu tiba zote za nyumbani.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili nilibanwa shavu la mguu mwishoni mwa mbio za mita 1,500. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mwema aliyetujali sana, alinilisha kijiko kizima cha chumvi kavu. Nilitapika palepale. Muda si mrefu msuli ukaachia, na mwalimu akauhesabu kuwa ni ushindi wa chumvi. Miaka mingi baadaye, nikiwa ughaibuni katika masomo ya shahada ya uzamivu, ndipo nilipolifikiria tena tukio lile. Chumvi iliyotapikwa haikuingia katika damu. Msuli ungeachia hata kama mwalimu angenipaka unga wa muhogo. Ugonjwa ambao huondoka wenyewe baada ya dakika tatu humpa sifa ye yote aliyekuwa karibu katika dakika ya pili, na ndiyo sababu mtafiti hawezi kuridhika na habari ya mtu mmoja aliyepona. Yampasa kuwalinganisha waliopewa dawa na wasiopewa.

Hebu kwanza tuutazame msuli wenyewe. Ndani ya kila uzi wa msuli mna nyuzinyuzi za protini za aina mbili, aktini na miosini, zilizopangwa sambamba. Amri ya neva inapofika, kalsiamu humwagika ndani ya uzi, na vichwa vidogo vya miosini huishika aktini na kuivuta, mithili ya watu wanaovuta kamba kwa mikono ya kupokezana. Hapo msuli hujikunja. Wengi hudhani kwamba kulegea ni kupumzika tu. Sivyo. Ili kichwa cha miosini kiiachie aktini sharti kipate molekuli moja ya ATP, yaani ile kemikali inayobeba nishati mwilini, na kalsiamu nayo sharti irudishwe ghalani mwake kwa pampu ambayo pia hutumia ATP. Mwanafunzi aliyeshuhudia mbuzi akichinjwa anajua kwamba baada ya saa kadhaa nyama hukakamaa. Hukakamaa kwa kuwa ATP imekwisha na miosini haina tena uwezo wa kuachia.

Je, mwanariadha aliyebanwa ameishiwa ATP kama mbuzi yule? La. Vipimo vya umeme wa misuli huonyesha kwamba wakati wa mkakamao neva ya msuli ule inapiga kelele bila kukoma. Amri za kujikunja zinamiminika kutoka katika uti wa mgongo. Msuli wa maiti hukakamaa kimya. Wa mwanariadha hukakamaa kwa sababu umeamrishwa.

Kwa nini basi amri zimiminike? Hapa ndipo wataalamu walipogawanyika, na mgawanyiko wenyewe una historia ndefu. Mnamo mwaka 1923 Waingereza K. Neville Moss na J. S. Haldane waliwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe waliofanya kazi katika migodi yenye joto kali. Watu hao walitokwa na jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, kisha wakabanwa vibaya na misuli. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao walipata nafuu. Mwaka 1932 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliliona jambo kama hilo kwa wafanyakazi wa bwawa kubwa la mto Colorado, ambalo leo huitwa Hoover. Kutoka hapo ikaaminika kote kwamba chanzo cha kubanwa ni upungufu wa maji na chumvi, na imani hiyo ndiyo iliyonifikia mimi katika kijiko.

Lakini wakimbiaji wa siku hizi si wachimbaji wa mwaka 1923. Mwaka 1997 Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walitoa wazo tofauti, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo ya uchunguzi wa wakimbiaji wa mbio ndefu za barabarani: waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana kwa kiasi cha maana katika upungufu wa maji wala katika madini ya damu. Tena, jasho hutoka mwili mzima. Kama kasoro ingekuwa katika damu, mbona abanwe shavu la mguu mmoja, asibanwe na mikono? Wazo lao ni kwamba kisababishi ni uchovu wa msuli wenyewe. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyouhimiza ujikunje unaponyooshwa. Na ndani ya kano, yaani pale msuli unaposhikana na mfupa, mna vihisio vingine, vilivyopewa jina la Golgi, ambavyo hupeleka habari ya kuutuliza mvuto unapozidi. Msuli ukichoka, sauti ya wahimizaji hupanda na ya watulizaji hushuka. Hasa hubanwa misuli inayovuka viungo viwili, kama vile ule wa shavu la mguu na ile ya nyuma ya paja, na hasa inapokunjwa ikiwa tayari imefupika.

Binafsi naona wazo la uchovu lina ushahidi mzito zaidi kwa wanafunzi wetu wengi, ila sithubutu kulitupa lile la chumvi. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliwakimbiza wanaume kumi kwenye joto hadi wakapoteza maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wao. Walipowanywesha maji matupu, misuli yao ikawa rahisi zaidi kubanishwa kwa umeme; walipowanywesha maji yenye chumvi na sukari, ikawa migumu zaidi kubanishwa. Wachimbaji wa Haldane wangelielewa jambo hilo mara moja.

Sasa tuzipime tiba. Iliyo bora kuliko zote haigharimu hata senti moja, nayo ni kuunyoosha msuli uliobanwa. Aliyebanwa shavu la mguu aketi, anyooshe goti, kisha avute vidole vya mguu kuelekea kwake polepole na kuvishikilia, bila kurusharusha, hadi msuli utulie. Aliyebanwa nyuma ya paja anyooshe goti akiinua mguu. Aliyebanwa mbele ya paja akunje goti na kuleta kisigino karibu na tako. Sababu ya kufaulu kwake ni ileile tuliyoieleza: kunyoosha kunaikaza kano, na vihisio vya Golgi hurudishiwa sauti yao. Anayebanwa akiwa baharini au ziwani ageuke chali, aelee, avute vidole akiwa katika hali hiyo, na asijaribu kuogelea kwa nguvu kuelekea pwani. Kuchua kwa mafuta ya nazi na kukanda kwa maji ya vuguvugu huleta faraja baada ya msuli kuachia. Asichuliwe kamwe mtu ambaye maumivu yalimjia kwa mshituko mmoja wakati wa kukimbia na mahali pale pakavimba au pakawa na weusi: huyo amechanika msuli.

Ndizi husifiwa kwa potasiamu yake, na ni chakula chema. Lakini jasho hubeba sodiamu nyingi na potasiamu kidogo tu, na ndizi iliyoliwa uwanjani haibadilishi damu kwa muda ambao mkakamao unadumu. Madafu yana ila hiyohiyo, yaani potasiamu yake inaizidi sodiamu. Kwa aliyetoka jasho jingi yanafaa yakitiwa chumvi kidogo. Kinywaji cha nyumbani kinachofaa zaidi ni kile akina mama wanachokijua kwa ajili ya watoto wanaoharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Na achari? Hapa sayansi imetoa jambo la kustaajabisha. Wamarekani wana desturi ya kuwanywesha wachezaji maji ya achari ya matango. Mwaka 2010 Kevin Miller na wenzake waliwabanisha watu msuli wa kidole gumba cha mguu kwa umeme, kisha wakawapa wengine maji ya achari na wengine maji matupu. Kwa waliokunywa achari mkakamao uliisha mapema zaidi kwa sekunde zipatazo 49, wakati ambapo damu yao ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Achari haikufanya kazi katika damu. Inaelekea ukali wa siki uliamsha neva za kinywa na koo, na habari hiyo ikazituliza neva za uti wa mgongo. Roderick MacKinnon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, alilifuata wazo hilo kwa kutengeneza kinywaji cha tangawizi, mdalasini na pilipili, vitu ambavyo sokoni Unguja havihitaji Nobel. Majaribio yake yametoa matokeo yasiyolingana. Huenda basi kijiko cha mwalimu wangu kiliniamsha koo. Simnyimi nafasi hiyo, ingawa kilichopimwa ni siki wala si chumvi kavu.

Vidonge vya magnesi havijathibitishwa kuwazuia wanamichezo wasibanwe. Kwinini ni habari nyingine. Dawa hii tuliyoizoea kwa malaria ilitumika miaka mingi huko Marekani kwa watu wanaobanwa misuli usiku, na kweli hupunguza kubanwa kidogo, lakini yaweza kuharibu chembe za damu na mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya dhidi ya matumizi hayo mwaka 2006, na tena mwaka 2010. Mwanafunzi asipewe kwinini kwa ajili ya mguu.

Yafaa pia kutofautisha mkakamao na yale maumivu ya siku ya pili. Anayepanda mlima siku moja na kuteremka, kesho yake na kesho kutwa mapaja humuuma hata kushuka ngazi ni taabu. Vitabu vingi, na walimu wengi, husema ni asidi ya laktiki. Asidi hiyo huondoka katika misuli kwa muda wa saa moja hivi, haiwezi kuuma kesho kutwa. Tangu mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alidokeza kwamba nyuzi za msuli zimepata michaniko midogo, na kazi inayoleta michaniko hiyo zaidi ni ile ambayo msuli hurefuka huku ukijikaza, kama vile kuteremka. Maumivu hayo huisha yenyewe, na mwendo mwepesi huyapunguza.

Nimeacha mwishoni jambo linalonitia hofu zaidi. Urithi wa selimundu umeenea katika Afrika Mashariki, kwa kuwa mwenye kurithi nusu yake huhimili malaria kuliko wengine. Mtu wa namna hiyo aghalabu huishi na afya kamili, lakini akikimbizwa kwa nguvu kupita kiasi, hasa kwenye joto, chembe za damu zaweza kupinda na kuziba mishipa midogo ya misuli. Naye atasema misuli inauma. Mwalimu amguse: msuli uliobanwa huwa mgumu na kuonekana umejikunja, na mwenyewe huchechemea, huyu misuli yake ni laini, udhaifu wake ni mkubwa kuliko maumivu, naye huketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. Asiitwe mvivu, asiamrishwe kumaliza mzunguko. Apumzishwe kivulini, apewe maji, apelekwe hospitali bila kukawia. Kadhalika apelekwe ye yote ambaye baada ya mazoezi makali mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi, maana hiyo ni dalili kwamba protini ya misuli imevuja katika damu na inaelekea kwenye mafigo.

Kwa darasa la bayolojia lenye mizani, jaribio moja ni rahisi. Wapimeni wanafunzi uzito kabla ya mchezo na mara baada yake, wakiwa wamejifuta jasho na kuvaa nguo kavu, na andikeni kila mmoja amekunywa kiasi gani. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, na yale aliyokunywa yajumlishwe ili jasho lote lijulikane. Kisha zianikeni fulana za mchezo juani bila kuzifua, mtazame ni za nani zilizoachwa na mistari myeupe ya chumvi.