Kabla ya Kuposti Historia, Cheki Herufi za Mwaka

Uko Unguja likizoni. Umefika Kizimkazi, umepiga picha ya msikiti wa kale, na unakumbuka uliambiwa mwaka 500. Basi unaposti: "Msikiti huu ni wa 500 BK." Laiki zinamiminika. Lakini hapo umeharibu, buda. Mtume Muhammad alizaliwa karibu 570 BK. Umejenga msikiti kabla Uislamu haujaanza!

Maandishi yaliyochongwa ndani ya msikiti huo yanataja 500 H. Hiyo H ni Hijria, kalenda inayohesabiwa tangu Mtume alipohama Makka kwenda Madina, 622 BK. Na usijumlishe tu 622 na 500 ukadhani umemaliza. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, kwa hivyo ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa karne tano, siku hizo zinafika miaka 15 hivi. Jibu ni 1107 BK. Herufi tu imekupoteza miaka 607.

Sasa sheria zenyewe, wala si nyingi.

Kwanza, kwa Kiswahili herufi hukaa nyuma ya mwaka: 30 KK (Kabla ya Kristo), 1107 BK (Baada ya Kristo). Kiingereza ndicho hutuchanganya, maana BC hukaa nyuma lakini AD kwa desturi hutangulia: AD 1107. Na AD si "After Death", wacha wakudanganye. Ni Kilatini, Anno Domini, yaani katika mwaka wa Bwana. Ingekuwa baada ya kifo, miaka ambayo Yesu aliishi ungeiweka wapi?

Pili, miaka ya KK huenda kinyumenyume. Namba kubwa ndiyo ya zamani zaidi. Cleopatra aliishi 69–30 KK. Ukigeuza, umemzika kwanza ndipo azaliwe.

Tatu, mwaka sifuri haupo. 1 KK ikiisha, inaingia 1 BK. Augustus alitawala Roma 27 KK–14 BK. Jumlisha 27 na 14, toa moja: miaka 40. Na kipindi kikivuka mpaka namna hiyo, weka herufi pande zote mbili.

Nne, usizimwage kila mahali. Hakuna atakayedhani Kenya ilipata uhuru 1963 KK. Weka BK pale tu msomaji anaweza kuchanganyikiwa. Kuhusu nukta, utakutana na KK na K.K. pia, chagua moja na ushikilie hiyo hiyo hadi mwisho.

Kwetu hii si mambo ya mtihani tu. Wazee wa Pwani waliandika tarehe zao kwa Hijria. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ni wa 1141 H. Ukikuta H, iache, kisha weka ya pili kando: 1141 H (1728 BK).

Kuna watu wanaosubiri tu kusikia kwamba Waswahili wanatia chumvi historia yao. Usiwape sababu. Msikiti wa 1107 BK ulisimama karibu miaka 400 kabla Vasco da Gama hajafika pwani hii mwaka 1498. Ukweli wenyewe ni mtamu hivyo. Uandike vizuri tu.