Je, Wajua? Dawa Inayoponya Ila Haina Soko

Je, wajua kuna dawa iliyoidhinishwa kwa Umoja wa Ulaya mzima, lakini hospitali inayoitoa ni moja tu? Inaitwa Strimvelis, na anayeihitaji sharti asafiri hadi Milan, Italia, katika hospitali ya San Raffaele. Mwaka 2018 Uingereza ilipokubali kuwalipia watoto wake, ililazimika kuwapeleka huko huko.

Ni kwa sababu dawa yenyewe ni seli za mgonjwa. Madaktari huchota uboho wa mtoto, huchambua humo seli shina, kisha hutumia virusi vilivyolemazwa kuzipachika jeni nzima. Zikishakuwa tayari zina saa 6 tu, baada ya hapo hazifai. Ndani ya saa hizo lazima ziwe zimemrudia mtoto yule yule kupitia mshipa. Dawa ya namna hiyo haikai kwenye rafu ya famasia, na huwezi kumpa mtoto wa jirani.

Ugonjwa unaotibiwa ni ADA-SCID, aina mojawapo ya SCID, yaani upungufu mkubwa wa kinga wa kuzaliwa nao. Mtoto hurithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, ilhali wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Anakosa kimeng'enya kiitwacho ADA, ambacho ni kama mzoa taka wa seli. Kisipokuwepo, sumu hujilimbikiza na seli nyeupe za kinga hufa. Kichanga huzaliwa akionekana mzima, kwa sababu bado ana kinga aliyopewa na mama. Baadaye huja utando mweupe mdomoni usiosikia dawa, kuharisha kusikokoma, nimonia juu ya nimonia. Asipotibiwa, ni nadra kufikisha miaka miwili.

Ugunduzi wa chanzo cha ugonjwa huu ulikuwa wa bahati. Mwaka 1972 Eloise Giblett, mtaalamu wa alama za kurithi katika damu huko Seattle, alitumiwa damu ya mtoto wa kike aliyekuwa akingojea kupandikizwa uboho. Hakuwa akitafuta chanzo cha maradhi ya kinga. Alipopima akakuta ADA haipo kabisa.

Je, wajua pia kwamba dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ilitoka kwenye utumbo wa ng'ombe? Adagen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1990, ilikuwa ADA ya ng'ombe iliyovalishwa kemikali ili isiishe haraka mwilini. Ilichomwa msulini kila wiki, na gharama yake kwa mwaka ilifika mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2018 ikaja Revcovi, inayotengenezwa na bakteria badala ya kuchinjiwa ng'ombe. Bei haikuwa na huruma zaidi.

Mwaka huo huo wa 1990, tarehe 14 Septemba, msichana wa miaka 4 aitwaye Ashanti DeSilva alipewa tiba ya jeni huko Bethesda, Marekani, ya kwanza iliyokubaliwa rasmi nchini humo. Maradhi yalikuwa haya haya. Kwa hiyo sayansi ina zaidi ya miaka 30 kazini. Kilichokwama ni biashara.

Hesabu yake ni fupi. Strimvelis ilipoidhinishwa mwaka 2016 iliwekewa bei ya euro 594,000, karibu shilingi bilioni moja na nusu za Tanzania kwa thamani ya wakati ule, kwa tiba ya mara moja maishani. Bei inatisha, lakini wateja wako wapi? Ulaya yote inakadiriwa kupata watoto kama 15 wa ugonjwa huu kwa mwaka, na baadhi yao hupata uboho wa ndugu unaolingana. GSK, kampuni kubwa ya Uingereza, iliiacha dawa mwaka 2018 na kuikabidhi kampuni changa ya Orchard Therapeutics. Mwaka 2020 mtoto mmoja aliyewahi kutibiwa akapata saratani ya damu, na utoaji ukasimamishwa kwa muda. Orchard nayo ikajitoa. Mwaka 2023 leseni ikaangukia mikononi mwa Fondazione Telethon, shirika la hisani la Italia linalochangisha fedha kwa wananchi kupitia televisheni.

Orchard ilikuwa na tiba nyingine ya ugonjwa huo, yenye virusi vya aina mpya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha watoto 50 waliotibiwa Marekani na Uingereza wote wako hai, na kwa 48 jeni ilishika vizuri. Ukinionyesha dawa ya presha yenye matokeo hayo, nitakuonyesha kampuni zinazopigana vikumbo kuinunua. Hii iliwekwa kando, na haki zake zikarudishwa kwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kulikoanzia utafiti.

Utabiri wowote wa soko hili huanza na idadi ya wagonjwa Marekani na Ulaya, kwa kuwa huko ndiko kwenye bima. Duniani kwa jumla hukadiriwa mtoto 1 kati ya 200,000 hadi 1,000,000. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Denmark na Uingereza waliwapima Wasomali, wakakuta kasoro moja ya jeni ya ADA imeenea kiasi kwamba huenda mtoto 1 katika kila 5,000 hadi 10,000 anazaliwa na ugonjwa. Wasomali hawako Mogadishu peke yake. Wako pia Kenya: Garissa, Wajir, Mandera na Eastleigh. Vichanga wao, kama wengine wa Kenya na Tanzania, huchomwa BCG mapema baada ya kuzaliwa. Ni chanjo ya kifua kikuu yenye vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu, na inawakinga watoto walio wengi, ila kwa mwenye SCID vinaweza kusambaa mwili mzima. Ndiyo maana familia iliyowahi kufiwa na vichanga kwa maambukizo mfululizo inapaswa kumwambia muuguzi kabla ya sindano hiyo.