Mangi wa kwenye video na kihamba kisichotosha

Ikifika Desemba, sisi tulio ughaibuni tunarushiwa video za Mangi, yule Mchagga wa vichekesho, kutoka kila upande. Yuko nyuma ya nondo za duka Dar es Salaam, anahesabu sarafu, hakopeshi, anaongea kwa lafudhi ya Kichagga iliyokolezwa. Halafu yuko njiani kwenda Moshi na gari la kuazima. Januari hana nauli. Waigizaji wengine wana kipaji kweli, na mimi hucheka. Ila huyo ni mtu aliyehama kwao kutafuta riziki, na kilichomhamisha hakionyeshwi.

Ni ardhi. Mlimani Kilimanjaro ukoo unaishi kwenye kihamba: migomba, chini yake kahawa, ng'ombe wa zizini, makaburi ya wazee humohumo. Kwa mila, kifungua mimba alikatiwa sehemu na kitinda mimba akarithi nyumba ya wazazi. Wa katikati walitafutiwa eneo jipya, enzi ambazo lilikuwepo. Leo juu ni msitu wa hifadhi, chini ni tambarare kavu, na vihamba vimegawanywa hadi vingine havimlishi hata mtu mmoja.

Kahawa ilisaidia kwa muda mrefu. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikakirithi mwaka 1933, na fedha za kahawa zikasomesha watoto wengi. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, na mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa migao ya mauzo ukasambaratika, bei ikaanguka. Wapo waliong'oa mibuni. Vijana wakashuka Arusha, Dar, Mwanza, Nairobi.

Wengi wao hawakushuka na mtaji. Kijana alipokelewa na ndugu mwenye duka, akalala humohumo kwenye magunia, akafungua alfajiri na kufunga usiku wa manane, mpaka akaaminiwa kuanza lake. Anauza sukari ya robo, mafuta ya kupima kwa kikombe. Faida ya kipimo kimoja ni shilingi chache, kwa hiyo daftari la madeni likijaa majina ya mtaa mzima, duka linafungwa. Kukataa kukopesha ndiko kunakoitwa ubahili. Na jina wanalomwitia lilikuwa la watawala: Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Siku hizi anaitwa hivyo muuza duka yeyote, hata kama ni Mpare.

Safari ya Desemba nayo inachezwa kama maringo tu. Maringo yapo, sikatai. Lakini ndio wakati ukoo mzima unapatikana: mbuzi anachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inanywewa, posa zinapelekwa, magomvi ya mipaka yanaamuliwa. Usipoonekana miaka mingi, mambo ya kihamba yanapangwa bila wewe. Aliyefunga duka wiki mbili akapoteza mauzo ya sikukuu amelipia nafasi yake kwenye kikao hicho.

Ningependa mchekeshaji mmoja akiigize kikao chenyewe: wazee wakigombania migomba mitatu ya mpakani, shangazi akikumbusha deni la ng'ombe, na yule mwenye duka akiombwa ada za wapwa wanne kabla hajamaliza supu. Vichekesho vimejaa pale, na mtazamaji atajua kwa nini Mangi anahesabu sarafu.