Crusader: Kifaru cha kasi kilichomponza jemadari aliyetoka Kenya

KATIKA kanisa la kumbukumbu la Waitaliano mjini Nyeri amezikwa Amedeo, Mwanamfalme wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Italia Afrika Mashariki na kufariki mjini Nairobi akiwa mateka wa vita, Machi 3, 1942. Mmoja wa majemadari waliomshinda, Jenerali Alan Cunningham, hakuifaidi sifa ya ushindi huo hata mwaka mmoja. Sehemu ya masaibu yake ilitokana na chombo ambacho hakukitegemea alipokuwa Kenya, nacho ni kifaru cha kasi.

Akitokea Kenya, Cunningham aliuteka Mogadishu Februari 1941, na majeshi yake yakaingia Addis Ababa Aprili 6. Vita hivyo vilipiganwa kwa malori, magari ya deraya na miguu ya askari kutoka Afrika Mashariki, Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Vifaru vilikuwa vichache tena vyepesi, kama vile vya Afrika Kusini vilivyotumika kuvamia El Wak Desemba 1940. Baada ya hapo alikabidhiwa Jeshi la Nane huko Misri, ambako kila mpango ulisimama juu ya vifaru.

Waingereza wakati huo walikuwa na aina mbili kuu za vifaru vya kupigania. Kulikuwa na vile vya kuandamana na askari wa miguu, vyenye chuma kinene na mwendo wa kobe, na vile vya kasi, vilivyorithi kazi ya wapanda farasi wa zamani: kupenya, kuzunguka na kumpiga adui ubavuni.

Kasi, hata hivyo, ina gharama. Mkulima wa Mwea aliyewahi kuona trekta likizama katika udongo mweusi wa mashamba ya mpunga hahitaji maelezo marefu. Chuma kikizidi, injini hulemewa na ardhi laini hukataa kuubeba mzigo. Kwa hiyo anayetaka kifaru kikimbie hulazimika kupunguza unene wa deraya.

Crusader kilikuwa na uzito wa tani 19 hivi na mwendo wa kilomita 43 kwa saa barabarani. Magurudumu yake makubwa, kila moja na springi yake ndefu, yalibuniwa na Mmarekani J. Walter Christie, na yalikiwezesha kupita penye mashimo bila kutikisika sana. Hapo kilistahili sifa. Lakini deraya ya vile vya kwanza haikuzidi milimita 40, na injini ya Liberty ilitokana na ile ya ndege iliyobuniwa mwaka 1917. Isitoshe, serikali iliviagiza mwaka 1939 kabla hata kifaru cha mfano hakijajaribiwa. Jangwani pampu za maji zilivuja, mchanga ukala mitambo, na vingi vikakwama bila kuguswa na adui.

Kasoro mbaya zaidi ilikuwa mzinga. Ule wa milimita 40 ulipewa risasi za chuma kitupu, bila makombora ya kulipuka. Risasi hiyo hutoboa kifaru kingine, lakini haiwadhuru sana wapiga mizinga waliojificha nyuma ya tuta la mchanga. Wajerumani walikuwa na mizinga ya aina hiyo ya kutosha.

Mashambulizi yaliyopewa jina hilohilo la Crusader yalianza Novemba 18, 1941. Kesho yake Brigedi ya 22 ilivamia ngome ya Waitaliano wa divisheni ya Ariete huko Bir el Gubi na kupoteza makumi ya vifaru. Hasara za Sidi Rezegh zilipoongezeka, Cunningham alitaka kusitisha mapigano. Mkuu wake, Jenerali Claude Auchinleck, alikataa, na Novemba 26 nafasi yake ikachukuliwa na Neil Ritchie. Si haki kukitwisha kifaru lawama zote, kwani brigedi zilitawanywa mno na kiongozi wao alikuwa mgeni wa vita vya aina hiyo. Tobruk ilikombolewa, lakini yeye alikuwa amekwisha kuondolewa.

Mwaka 1942 Crusader kilipewa mzinga wa milimita 57, ukala nafasi hata wahudumu wakabaki watatu, kamanda akilazimika pia kujaza risasi. Baada ya vita vya Tunisia mwaka 1943 kiliondolewa mstari wa mbele. Vingine viling'olewa mnara na kwenda Ulaya mwaka 1944 vikikokota mizinga.