TULIYOYAONA DODOMA, NA MICHE YETU YA MIKARAFUU



Tangu wajumbe wetu warejee kutoka Dodoma tumeulizwa suala moja katika kila tawi tulilopita: mkulima wa karafuu ana haja gani na nchi isiyoota hata mkarafuu mmoja? Suala hili ni la haki. Nauli ya watu watano ilitoka katika fungu la chama, na fungu hilo ni jasho la kila mmoja wetu. Tena Mkutano Mkuu unakaribia, na jambo kubwa litakaloletwa mbele yenu ni fedha za miche: tununue mingi zaidi, kama baadhi ya matawi yanavyotaka, au tuzitumie kwa njia nyingine? Kwa hivyo tumeona yafaa kuyaandika hapa tuliyoyaona, ili kila mwanachama aje mkutanoni akiwa amekwisha kuyapima.

Nchi yenyewe

Tulikwenda mwezi wa Agosti 2024, wakati Maonyesho ya Wakulima ya Nane Nane ya taifa yalipofanyika katika viwanja vya Nzuguni, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Tulivuka kwa boti kutoka Mkoani mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, na huko tukapanda treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kwenda Dodoma Julai ya mwaka huo huo. Asubuhi tuliiacha minazi, na siku hiyo hiyo, jua halijachwa, tukawa tunaitazama mibuyu.

Dodoma iko juu, futi 3,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti upepo wake ni wa baridi na vumbi. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 570 hivi, yaani inchi zisizotimia 23. Sisi Pemba twapata zaidi ya inchi 60, na bado hatuachi kulalamika. Tena mvua hiyo chache huja karibu yote baina ya Desemba na Aprili; miezi mingi iliyobaki mbingu ni kavu. Wenyeji wake, Wagogo, hulima mtama, uwele, karanga na alizeti, hufuga ng'ombe na mbuzi, na mbuyu ukiwa umesimama katikati ya shamba huuacha, wakalima pembeni yake. Ubuyu ule ambao watoto wetu hununua ukiwa umepakwa rangi nyekundu huokotwa chini ya miti kama hiyo.

Tumeyataja haya ili mwanachama ajue tangu mwanzo kwamba mtu wa Dodoma akipanda mche hana wa kumsaidia. Kama hakuutazama yeye, haupo.

Viwanjani Nzuguni

Maonyesho yale ni zaidi ya soko. Wizara, vyuo, vituo vya utafiti na vyama vya wakulima hupewa kila mmoja kipande chake cha ardhi, na katika kipande hicho mimea hupandwa miezi mingi kabla, ili siku ya maonyesho watu waione ikiwa hai. Wenyewe huita vipando. Utapita kipando cha mtama, cha alizeti, cha mboga, cha zabibu, na mbele ya kila kimoja amesimama mtu wa kuulizwa. Nasi tuliuliza bila ya haya, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tulikuwa tumechukua kifuko cha karafuu kavu, na kila tulipokifungua watu walisogea. Mmoja wa waliosogea alikuwa mzee wa Kigogo aliyevaa koti zito. Alizinusa karafuu, akauliza mti wake unakaa miaka mingapi kabla ya kuzaa. Tukamwambia miaka sita, au zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena:

"Wageni wangu, mwaka juzi mlipanda miche mingapi?"

Mjumbe wetu mmoja, ambaye ni mtu mzima na mkulima wa siku nyingi, akamjibu kwamba yeye mwenyewe alipanda thelathini.

"Na leo iliyo hai mingapi?"

"Tisa, mzee wangu."

"Basi ulipanda tisa," akasema mzee, akaturudishia kifuko chetu.

Maneno yale hayakuwa na kejeli. Tuliyazungumza usiku kucha, na safari yetu yote baada ya hapo ilikuwa ni kutafuta jawabu lake.

Mzabibu na mwenye kuutunza

Dodoma ndiyo nchi ya zabibu katika Tanzania nzima. Yasimuliwa kwamba mizabibu ililetwa na wamisionari wa Bihawana, na leo kipo kituo cha utafiti wa zao hili Makutupora, kaskazini ya mji. Zabibu nyingi hukamuliwa mvinyo, na hilo halituhusu sisi. Wapo pia wanaouza mbichi na wanaokausha. Kilichotuhusu ni mkono wa mkulima.

Tulitembezwa katika shamba la mama mmoja mwenye eka mbili. Alitueleza kwamba mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja mnamo Machi na mara ya pili mnamo Agosti na Septemba. Kwa nini mara mbili, na mvua ni ya msimu mmoja? Kwa sababu huko hakuna theluji ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenyewe kwa maji na kwa mkasi. Baada ya kuvuna huupumzisha, kisha huupogoa; tangu siku ya kupogoa mpaka siku ya kuvuna hupita miezi minne hivi. Akipogoa ovyo, amepoteza msimu.

"Mzabibu ukiuacha ufanye utakavyo," alisema mama yule, "utakupa majani."

Tusifahamiane vibaya. Hatusemi mkarafuu upogolewe kama mzabibu. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, na kila mmoja wetu anajua hasara ya mchumaji anayevunja matawi ili amalize haraka. Tunachosema ni kwamba mama yule aliujua kila mzabibu wake, ulipo na ulivyo, kama mtu ajuavyo wanawe. Sisi mkarafuu mkubwa twaujua, kwa sababu unatupa fedha. Ule mchanga twauacha kwa Mungu, na Mungu ametupa mikono.

Kisiki Hai

Lililotushangaza zaidi tuliliona vijijini. Sehemu kubwa ya Dodoma ilikuwa na misitu iliyokatwa kwa mashamba, kuni na makaa. Kwa miaka mingi jawabu lililotolewa lilikuwa moja tu: pandeni miti. Miche ililetwa, ikapandwa, na mingi ikafa kwa jua na kwa mbuzi.

Tangu 2018 taasisi iitwayo LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikieneza katika mkoa ule njia inayoitwa Kisiki Hai. Asili yake ni nchi ya Niger, ambako Tony Rinaudo wa Australia aliianza na wakulima wa huko katika miaka ya 1980. Aligundua kwamba vile vichaka vidogo vilivyomo mashambani si magugu, bali ni miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake bado i hai chini ya ardhi. Mti huo hauhitaji kupandwa. Unahitaji kuachwa ukue, na kusaidiwa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mkulima huchagua kisiki kinachochipua. Katika machipukizi mengi huacha machache yaliyonyooka, mengine huyakata. Kisha hufunga kitambaa cha rangi juu yake, ili mchungaji na mkata kuni wajue kwamba mti ule una mwenyewe. Baada ya hapo huulinda na kuupogoa kila unapohitaji. Hanunui mche, wala hasombi maji, kwa sababu mizizi ya zamani imekwisha kushuka chini. Tuliona mashamba ambayo mtama umevunwa, na katikati yake imesimama miti mirefu kuliko mtu, na hakuna hata mmoja uliotoka kwenye kitalu.

Tukakumbuka nyumbani. Je, chini ya mikarafuu yetu mikubwa hamna miche iliyojiotea? Imo. Mbegu zinazoachwa mtini huiva, huanguka, na huota zenyewe kwenye kivuli cha mama yao. Sote twajua kwamba mbegu ya karafuu haiwekeki. Isipopandwa ingali mbichi, hufa. Ile iliyojiotea imekwisha kuuvuka mtihani huo. Nasi kila mwaka kabla ya uchumaji huingia na panga kufyeka chini ya miti ili majamvi yatandikwe na karafuu zilizopukutika zionekane, na miche ile yote hukatwa pamoja na nyasi. Kisha twaenda kuomba miche mingine.

Somo la Kongwa

Siku moja kabla ya kurejea tulipelekwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Vijana wengi hawalijui jina hili ila kwa ng'ombe, kwani leo pana ranchi ya taifa. Lakini mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mpango wa kulima karanga, ambao ukijumlisha na sehemu nyingine za Tanganyika na nchi jirani ulikusudiwa kufikia eka zaidi ya milioni 3. Vita vilikuwa vimekwisha na Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Yaliletwa matrekta kwa mamia, na hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ikaonyesha tabia yake: mvua ikikatika, udongo hukauka ukawa kama saruji, na karanga zikabaki ndani hazichimbiki. Mvua nayo haikuja kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 35.

Wagogo walikuwa wakiishi pale tangu zamani, na walijua mvua yake na udongo wake. Hatulisemi hili kumcheka mtu. Twalisema kwa sababu hesabu ya Kongwa ilikuwa hesabu ya eka zitakazolimwa, kama hesabu yetu ilivyo ya miche itakayopandwa. Hesabu ya namna hiyo hupendeza kwenye karatasi, kwa sababu jua halifiki kwenye karatasi.

Yanayotupasa sisi

Wapo wanachama wanaosema: mikarafuu yetu mingi ni mizee, mingine inakufa imesimama, na tusipopanda kwa wingi watoto wetu watarithi vigogo. Wasemavyo ni kweli, na hakuna anayetaka chama kiache kupanda. Lakini mche unaokufa katika mwaka wake wa pili haupotezi bei yake tu. Umepoteza na miaka miwili ya kungoja, na mkulima hawezi kuinunua miaka hiyo popote. Kwa hivyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne.

La kwanza, kabla ya kufyeka kwa uchumaji, kila mwenye shamba apite chini ya mikarafuu yake, achague miche iliyojiotea iliyo na afya, na aifunge kitambaa. Mwenye kufyeka akione kitambaa, azungushe panga lake. Ile iliyosongamana ihamishwe masika, ikiwa na udongo wake.

La pili, shimo lichimbwe mapema, futi mbili kila upande, litiwe samadi na lingoje mvua. Mche usingojee shimo.

La tatu, kila mche mpya uwekewe kivuli cha makuti au cha mgomba, na matandazo ya majani makavu, yasigusane na shina. Wakati wa kaskazi, baina ya vuli na masika, utobolewe kitundu kidogo katika chupa tupu ya maji, ijazwe na iwekwe kando ya mche ili itone polepole. Tuliiona kazi hii Dodoma, na gharama yake ni kuokota chupa.

La nne, ndilo litakaloleta ubishi. Twapendekeza kwamba nusu ya fungu la miche isinunue miche. Ilipwe kama tunzo kwa mwanachama, si siku anayopanda, bali baada ya kaskazi mbili, kwa kila mche atakaoonyesha kwamba u hai. Wakaguzi watoke tawi jingine, ili asiwepo wa kumwonea haya jirani yake.

Tunajua wako ambao mashamba yao yako mbali, na wazee wasio na mtu wa kuwachotea maji. Matawi yaseme wasaidiwe vipi. Mwenye hoja ya kupinga naye aje nayo, tena aje na hesabu ya shamba lake mwenyewe: alipanda mingapi, na leo iliyo hai mingapi. Kila tawi limpe mjumbe wake hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano, na sisi tutaisoma mbele ya wote.

Katibu wa Chama