Wacheza gemu walipokasirika: Kelele ipi iligusa mfuko?

MTU aliyesafiri kutwa nzima kwenda kwenye maonyesho ya biashara hakasirishwi sana na jua wala foleni ya getini. Anachokasirikia ni kufika kwenye banda alilolifuata na kukuta vipeperushi tu, mashine yenyewe haipo, au ipo lakini bei yake haitamkwi. Waliozoea viwanja vya Sabasaba na Nane Nane wanaijua hali hiyo.

Huko Marekani, katika jiji la Los Angeles, kulikuwa na maonyesho ya kila mwaka yaliyojulikana kwa kifupi kama E3. Bidhaa zake hazikuwa matrekta wala mbegu, bali michezo ya kompyuta na luninga ambayo vijana wanaiita gemu, pamoja na mashine za kuichezea kama vile PlayStation, Xbox na zile za kampuni ya Nintendo. Yalianza Mei 1995 na kufungwa rasmi Desemba 2023. Kwa miaka mingi wananchi wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia. Waliokaribishwa ni wenye maduka, waandishi wa habari na watu wa viwandani. Hata hivyo, wacheza gemu duniani kote waliyafuatilia kwa luninga na intaneti kama wengine wanavyofuatilia Kombe la Dunia, na yalipowaangusha hawakunyamaza.

Kwa mfanyabiashara, la kuangalia si kwamba wateja walilalamika, maana wateja hulalamika kila mahali. La kuangalia ni kwamba malalamiko mengine yaligeuka mauzo yaliyopotea, na mengine yalipita bila kuacha alama kwenye vitabu vya mahesabu, walau kwa muda.

Bei kama silaha

Tangu maonyesho ya kwanza, bei ilikuwa silaha. Mwaka 1995 kampuni ya Sega ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Saturn, ingeuzwa dola 399 na kwamba tayari ilikuwa imefika madukani, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyokuwa imetangazwa. Siku hiyo hiyo ofisa wa Sony, Steve Race, alipanda jukwaani, akataja bei ya PlayStation, dola 299, kisha akashuka. Hotuba ikawa imekwisha.

Kosa la Sega halikuwa bei peke yake. Mzigo ulikuwa mdogo, hivyo walipewa wenye maduka wachache na wengine wakaachwa. Walioachwa walikasirika kuliko wacheza gemu. Kampuni moja ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto, KB Toys, iliamua kutouza kabisa bidhaa hiyo. Muuzaji wa rejareja aliyewahi kuona mwenzake wa mtaa wa pili anapewa mzigo na msambazaji, huku yeye anaambiwa asubiri, hahitaji maelezo zaidi.

Miaka 11 baadaye zamu ya kuteleza ikawa ya Sony yenyewe. Mei 2006 ilitangaza kwamba PlayStation 3 ingeuzwa dola 499 kwa aina ya chini na dola 599 kwa aina ya juu, yaani zaidi ya Sh 700,000 kwa kiwango cha wakati ule. Ukumbi haukushangilia. Katika siku zilizofuata bei hiyo ikageuzwa kichekesho, sambamba na tukio jingine la siku hiyo hiyo: mtangazaji alisema gemu moja imejengwa juu ya vita halisi vya Japani ya kale, na muda mfupi baadaye akaanza kueleza namna ya kupambana na kaa mkubwa kama nyumba. Wacheza gemu wanataniana kwa kaa huyo hadi leo.

Kilichofichika nyuma ya kicheko hicho ni hesabu ambayo mkulima anaijua vizuri. Kampuni ya utafiti ya iSuppli iliifungua mashine hiyo Novemba 2006 na kukadiria kwamba ile ya dola 599 iligharimu dola 840 hivi kuitengeneza. Kwa maneno mengine, Sony ilikuwa ikiuza kwa hasara, na bado mnunuzi akaona ni ghali. Gharama ya mbolea na kibarua haimhusu mnunuzi wa mahindi sokoni, na gharama ya kisomeo kipya cha diski cha Blu-ray haikumhusu kijana aliyetaka kucheza gemu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007, kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yeni bilioni 232. Kabla ya Julai 2007 kwisha, bei Marekani ilikuwa imepunguzwa kwa dola 100.

Mshindani wake, Nintendo, alileta mashine ndogo iitwayo Wii, ambayo Marekani iliuzwa chini ya dola 250. Hadi mwisho wa maisha yake iliuzwa zaidi ya milioni 101, wakati PlayStation 3 iliishia kwenye milioni 87 hivi.

Mwaka uliopooza

Baada ya 2006 makampuni makubwa yalichoka. Banda moja liliweza kugharimu mamilioni ya dola, muziki ulikuwa mkubwa kiasi cha watu kutosikilizana, na walioingia walifika 60,000, wengi wakiwa hawana oda ya kuweka wala habari ya kuandika. Uamuzi ukawa kuyapunguza. Mwaka 2007 yalihamishiwa mji jirani wa Santa Monica, kwa mwaliko tu, mikutano ikifanyika hotelini na bidhaa zikioneshwa kwenye banda la ndege. Waliohudhuria walishuka hadi takriban 10,000. Mwaka 2008 yalirudi Los Angeles yakiwa madogo zaidi, na waliohudhuria wakawa kama 5,000.

Wacheza gemu waliona ukumbi mtupu na kuyaita mazishi. Hata wenye bidhaa walilalamika. John Riccitiello, mkuu wa kampuni ya EA wakati huo, alisema wazi kwamba hayapendi maonyesho ya namna ile, na kwamba ama yarudi yalivyokuwa ama kila kampuni ifanye lake.

Jambo moja halikupata kelele za kutosha. Zamani ukumbi wa Los Angeles ulikuwa na sehemu ya chini iitwayo Kentia Hall, ambako makampuni madogo na ya nchi za mbali yalipata nafasi. Mnunuzi aliyekuja kumwona mkubwa juu angeweza kuteremka na kukutana na mdogo asiyemfahamu. Maonyesho yalipobanwa, mkubwa alikosa fahari yake tu, lakini mdogo alikosa mlango.

Julai 2008 ndipo ilipotokea hasira inayofaa kuchunguzwa kwa makini. Nintendo, iliyokuwa ikiongoza soko, ilitumia muda wake mwingi wa jukwaani kuonesha gemu za familia, ikiwamo Wii Music, ambayo mchezaji anajifanya kupiga ala hewani. Wateja wake wa siku nyingi, waliotarajia habari za Mario au Zelda mpya, walihisi wametupwa. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba rais wa kampuni, Satoru Iwata, aliomba radhi kwa namna maonyesho yale yalivyopokewa.

Je, mauzo yalishuka? Hapana. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 Nintendo iliuza Wii karibu milioni 26. Waliokuwa wakinunua ni akina mama, wazee na familia ambazo hazikuwahi hata kuisikia E3, na waliokuwa wakilalamika walikwisha kuinunua mashine.

Mtu angeishia hapo angesema kelele za mteja wa zamani ni bure. Lakini Nintendo ilipoleta mashine iliyofuata, Wii U, mwaka 2012, akina mama na wazee wale hawakurudi. Wengi walikuwa wameshapata gemu kwenye simu zao. Wateja wa zamani nao hawakuwa na haraka. Wii U iliishia kuuzwa milioni 13 na nusu tu. Wachambuzi wanataja sababu nyingi, ikiwamo jina lililowachanganya wanunuzi, lakini ni vigumu kutoona kwamba waliopuuzwa mwaka 2008 ndio waliohitajika sana miaka minne baadaye.

Diski ya mtumba

Mwaka 2013 kelele ziligusa mfuko moja kwa moja, na majibu yalipatikana kwa siku, si kwa miaka.

Mei mwaka huo Microsoft ilitambulisha Xbox One. Mwanzoni mwa Juni, siku chache kabla ya E3, ikaeleza masharti. Mashine ilitakiwa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zisingecheza. Diski ya gemu haikuwa tena mali ya kumpa yeyote. Mtu aliweza kumpa rafiki, lakini rafiki huyo awe kwenye orodha yake kwa siku 30 au zaidi, na gemu hiyo ingetolewa mara moja tu. Kuiuza ikiwa imetumika kungewezekana kupitia maduka yaliyokubaliana na mfumo huo peke yake, na kwa idhini ya aliyeitengeneza.

Uzito wa sharti hilo unaonekana kwenye vitabu vya GameStop, kampuni kubwa ya maduka ya gemu Marekani. Wakati huo bidhaa zilizotumika zilimpatia zaidi ya robo ya mauzo na zaidi ya asilimia 40 ya faida ghafi. Kwa kijana mnunuzi, diski ya zamani ilikuwa mtaji: anaiuza, anaongeza kidogo, anapata mpya. Hata mwenye banda la gemu mitaani Dar es Salaam, anayetoza kwa mechi akitumia mashine iliyotumika kutoka nje, angeielewa habari hiyo haraka kuliko wanasheria walioyaandika masharti. Siku umeme ukikatika na intaneti ikigoma, biashara imefungwa.

Alipoulizwa kuhusu wasio na intaneti, mkuu wa kitengo hicho, Don Mattrick, alijibu kwamba kampuni inayo mashine kwa ajili yao, nayo ni Xbox 360, yaani ile ya zamani. Jibu hilo liliwaudhi watu kuliko masharti yenyewe, wakiwamo askari wanaokaa kambini na melini. Ni vigumu kupata mfano mbaya zaidi wa muuzaji kumjibu mnunuzi mbele ya umati.

Juni 10, 2013, Microsoft ikataja bei: dola 499. Jioni ya siku hiyo ilikuwa zamu ya Sony. Jack Tretton wa Sony alisema jukwaani kwamba PlayStation 4 haitazuia diski zilizotumika wala kudai intaneti kila siku, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo kabla hajamaliza. Kisha ikatajwa bei: dola 399. Sony ilikuwa imeiondoa kamera kwenye boksi na kuiuza peke yake, wakati Microsoft ilimlazimisha kila mnunuzi kuichukua. Sony pia ilitoa video fupi ya kueleza namna ya kumgawia mwenzako gemu. Ilikuwa na hatua moja: ofisa mmoja anamkabidhi mwenzake diski, mwenzake anashukuru.

Siku tisa baadaye, Juni 19, Microsoft ilifuta masharti yote mawili, la intaneti na la diski. Mwanzoni mwa Julai Mattrick alihamia kampuni nyingine. Juni 2014 Xbox One bila kamera ikaanza kuuzwa dola 399. Lakini walioamua walikwisha kuamua. PlayStation 4 iliuzwa zaidi ya milioni 117, na mwaka 2022 Microsoft yenyewe iliwaeleza wasimamizi wa ushindani wa biashara nchini Brazil kwamba mashine hiyo iliuzwa zaidi ya mara mbili ya Xbox One.

Tofauti kati ya 2008 na 2013 haiko kwenye ukali wa maneno. Mwaka 2008 mlalamikaji alikuwa ameudhika, lakini hakuna kilichotoka mfukoni mwake. Mwaka 2013 alikuwa bado hajanunua, alichotaka kunyang'anywa kilikuwa na thamani ya fedha, na banda la jirani liliuza kitu kinachofanana kwa dola 100 pungufu.

Makampuni yalijifunza jambo jingine kutokana na miaka hiyo: kwamba jukwaa la pamoja ni hatari. Jirani anaweza kusikia bei yako asubuhi na kukujibu jioni. Nintendo iliacha mkutano mkubwa wa jukwaani mwaka 2013 na kuanza kutoa video zake yenyewe. EA iliondoa banda lake 2016. Mwaka 2017 waandaaji waliwauzia wananchi tiketi 15,000, na foleni zikawa ndefu kuliko mabanda yaliyobaki. Sony haikuja 2019. Corona ikafuta ya 2020, ya 2021 yakafanyika kwa mtandao tu, ya 2022 na 2023 yakafutwa moja kwa moja, na Desemba 12, 2023 waandaaji wakatangaza kwamba hayatakuwapo tena.

Nafasi yake imechukuliwa kwa sehemu na Summer Game Fest, onyesho la kila Juni linaloongozwa na mtangazaji Geoff Keighley. Nafasi chache hutolewa bure kwa gemu zinazowavutia waandaaji. Kwa wanaolipia, iliripotiwa mwaka 2024 kwamba dakika moja ya tangazo iliuzwa dola 250,000.