Masikio Kwanza, Vyombo Baadaye: Hadithi ya Kusikiliza kwa Watoto Wadogo

Mara kwa mara tunapokea barua za wafadhili wenye moyo mwema wakiuliza kama wanaweza kutuma fidla au tarumbeta kwa ajili ya watoto wa chekechea wa Musoma, Bunda na Butiama. Tunawashukuru sana. Hata hivyo, tumewahi kuona vyombo vya msaada vikifungiwa stoo kwa kukosa mwalimu, hadi nyuzi zikashika kutu. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa njia nyingine ya kuanzia, isiyo na gharama kubwa.

Njia yenyewe ni ipi?
Mwaka 1936, mtunzi wa Urusi Sergei Prokofiev alitunga hadithi ya muziki kwa ajili ya watoto wa Moscow, iitwayo Petro na Mbwa Mwitu. Msimulizi anasimulia, na kila mhusika ana chombo chake. Ndege ni filimbi. Bata ni obo, ambayo ni jamaa ya zumari letu. Paka ni klarineti, na babu ni basuni yenye sauti nzito ya kukoroma. Mbwa mwitu ni pembe tatu za shaba zikipigwa pamoja, Petro mwenyewe ni fidla na ndugu zake wa nyuzi, na bunduki za wawindaji ni ngoma kubwa.

Faida yake ni kwamba mtoto hafundishwi majina kwa kukariri. Anasikia pembe na kujua hatari inakuja, hata kabla msimulizi hajasema neno. Hapo amekwisha kutofautisha sauti, kukumbuka na kubashiri, na uwezo huohuo ndio atakaouhitaji atakapoanza kutofautisha "ba" na "pa" darasani.

Kufundisha wadogo kwa sauti si jambo geni nchini. Watoto wa Zanzibar walijifunza kwa kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze, chenye nyimbo, michezo na hadithi.

Je, huu si muziki wa kigeni?
Kamati zinauliza swali hili, na ni swali la haki. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisikitika mwaka 1962 kwamba wasomi wetu walijua dansi za Kizungu huku wakizisahau ngoma za kwao. Lakini Mwalimu huyohuyo alitafsiri tamthilia za Shakespeare, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi ikasomwa kwa Kiswahili. Hakukataa cha wengine; alikataa kudharau cha kwetu.

Nasi tufuate mfano huo. Msimulizi awe mtu wetu, aanze kwa "Hadithi, hadithi!" na watoto waitike. Mbwa mwitu anaweza kuwa fisi, ambaye mtoto wa Bunda anamjua vizuri zaidi. Baada ya kusikia fidla, watoto wasikie pia litungu la Wakurya wa Tarime, lenye nyuzi nane, na nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kugongesha kwenye chombo ili kupata mdundo. Wazee wenye ujuzi huu wanapungua. Mtoto asiyewahi kusikia litungu hatalikumbuka litakapotoweka.

Namna ya kuendesha kipindi
1. Hadithi nzima huchukua karibu nusu saa, nayo ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka mitano. Igawanywe vipande vya dakika tano hadi saba.
2. Kwanza sikilizeni sauti za wahusika tu, moja moja. Watoto watembee kama bata, wanyate kama paka.
3. Katikati ya hadithi simamisha sauti, uulize: "Nani anakuja?" Usiwape jibu haraka.
4. Bata humezwa, na wapo watoto wanaolia. Mwalimu akae karibu nao, awaambie wasikilize mwisho: obo inasikika tena tumboni.
5. Siku inayofuata, watoto watunge hadithi yao kwa makopo, mabuyu na filimbi za matete.

Tunaomba nini?
Kwa kamati za parokia, tunaomba chumba tulivu kwa nusu saa kila wiki, na mzee mmoja mpiga litungu, nyatiti au zeze, alipwe nauli na chakula. Kwa wafadhili, tunaomba spika ndogo ya kuchajiwa kwa nguvu ya jua na kadi ya kuhifadhia sauti. Fidla itakuja siku yake, mtoto atakapoiomba mwenyewe kwa sababu ameshaijua sauti yake.